Yowe la Elfu Kumi

"Wenzangu, mpo?"

"Tupo!"

"Mpo kweli, au mpo kwa kuhesabiwa tu?"

"Tupo kweli! Simulia!"

Haya. Palikuwa na msitu wenye wanyama mia tatu, hawazidi, na kiangazi kikali kilichokausha maji yote likabaki bwawa moja. Kiboko alilitaka peke yake. Katika msitu ule kila mnyama alikuwa na simu, naye Kiboko akatengeneza programu akaiita Yowe: mwenye shida anabonyeza, na kila aliye nayo anasikia kilio, anakuja kuokoa. Wazee wa baraza, ambao hawakupenda kujichosha, wakasema bwawa atapewa Kiboko iwapo Yowe itapakuliwa mara elfu kumi. Hapo watajua anapendwa.

Nani apakue kitu cha Kiboko? Kila mtu alikuwa na kovu la meno yake. Basi Kiboko akawabeba watoto watatu wa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akawafungia matetani.

"Nataka watu elfu kumi," akamwambia. "Usipowaleta, hawa nawakanyaga."

Sange akazunguka msitu mzima akiomba, na wote wakampa kisogo. Akaketi akalia. Katika kulia kwake akaona jambo: ukipakua, namba inapanda, ukifuta, namba haishuki. Akapangusa machozi.

Pakua, ti! Futa, fyu! Pakua, ti! Futa, fyu! Siku saba hakula. Kidole kikachubuka, kikatoka damu, naye pakua, ti, futa, fyu. Ilipotimia elfu kumi hakungoja kufuta. Alitimua mbio kuwafuata wanawe.

Baraza likapiga makofi. Hakuna aliyeuliza msitu wa wanyama mia tatu umewatoa wapi elfu kumi. Kiboko naye akacheza kwa furaha palepale matetani, pu, pu, pu, na chini ya mguu wake alikuwepo Chepe, kitindamimba wa Sange.

Sange alifika akakuta watoto wawili. Kiboko akautazama mguu wake, kisha akaitazama simu yake.

"Ni mmoja tu, mama," akasema. "Mmoja si kitu mbele ya elfu kumi."

Akawafukuza wote bwawani, hata ndege waliomdonoa kupe mgongoni, maana alikuwa na wenzake elfu kumi simuni. Jua halikuacha kuwaka. Bwawa likawa tope, tope likamshika miguu, likamshika tumbo. Akabonyeza Yowe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Msitu mzima ililia simu moja. Sange alikuwa ameketi kando ya kaburi dogo, wanawe wawili wamemlalia mapajani. Alikisikiliza kilio kile chote, na moyo ulimuuma, nasema kweli, kwani hakuzaliwa mkatili. Akakitazama kidole chake chenye kidonda.

"Mmoja si kitu," akasema taratibu.

Futa. Fyu.

"Wenzangu, mzigo wangu nimeutua hapo. Sasa funzo, maana nyumbani mtaulizwa. Ukiona namba kubwa, iamini, usisumbue watu kwa maswali. Mwenye namba kubwa hakosi wa kumwokoa. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Vizuri. Nimeandika mmesikia elfu kumi."