Kifuu Juu ya Dungu

Paukwa!
—Pakawa!
Na atakayegoma kusikiliza?
—Nafasi yake tunampa paka!

Haya, paka amesikia. Hapo kale palikuwa na Kiboko, tajiri wa shamba la mpunga kando ya mto. Shamba lake kubwa, tumbo lake kubwa zaidi. Mpunga ulipoanza kuiva, akaajiri watatu wa kuamia ndege: Nguchiro, Kima na Kanga. Kazi yenyewe ni kusimama juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu jua kuchomoza hadi kutua. Ndege wakitua, unapiga kelele: "Swaa!" Wakiruka, unapumzika. Wakitua tena, unapiga tena: "Swaa!"

Ujira wao ulikuwa wali wa mchana, kila mmoja bakuli lililojaa. Nguchiro alikula nusu. Nusu alimpelekea mama yake, kizee asiyeona, shimoni kwao.

Siku moja Kiboko akalitazama bakuli, akaona ni kubwa mno. Kesho yake wali ukaja ndani ya kifuu cha nazi.

"Tajiri," akasema Nguchiro, "bakuli limekwenda wapi?"

"Limepumzika."

"Basi na sisi tutapumzika."

Wakashuka wote watatu, wakatandika mkeka kwenye njia ya kuingilia shambani, wakakaa. Wakagoma.

Kiboko akacheka, hwa hwa hwa! "Kugoma ni haki yenu. Na kuweka wengine ni haki yangu. Wenye njaa hawajaisha duniani."

Na hapo, nisiwafiche, hakusema uongo. Jioni ile Nguchiro alirudi mikono mitupu. Mama yake akanywa maji, akasema ameshiba. Ilimuuma Nguchiro, ilimuuma sana.

Kesho yake akaja Mbuni. Nguchiro hakumtukana wala hakumzuia. Akasogea kidogo mkekani, akasema, "Karibu, bibie. Ukichoka, nafasi yako ipo hapa." Mbuni akapita, shingo juu. Akapanda dungu: "Swaa! Swaa!" Mchana akaletewa kifuu. Akakitazama kwa jicho la kulia, akakitazama kwa jicho la kushoto. Akashuka, akaja kukaa mkekani.

Kesho yake akaja Ngiri. "Karibu, bwana. Ukichoka, nafasi yako ipo hapa." Ngiri akapita, mkia juu. Akapanda dungu: "Swaa! Swaa!" Mchana akaletewa kifuu. Akakinusa. Akashuka, akaja kukaa mkekani.

Kesho yake akaja Fisi. Huyu hakutazama wala hakunusa. Akala wali, akala na kifuu chenyewe, kacha kacha kacha! Akaomba cha pili. Akaambiwa hakuna cha pili. Akaja mkekani analia machozi, ikabidi wote wabanane.

Siku iliyofuata hakuja mtu. Wakaja ndege kweleakwelea, kundi zima, chwi-chwi-chwi-chwi, na mpunga ukaanza kupukutika.

Nguchiro akaenda mtoni, akainama. "Tajiri, nakuonea huruma. Nimekupatia wa kushika nafasi yetu."

"Nani?"

"Ana nguvu. Ana sauti. Na analipenda shamba hili kuliko mama yake mzazi."

"Mlete!"

"Ni wewe."

Kiboko akafikiri. Akaona wali wote utabaki kwake! Akafurahi, akauliza, "Na nani atapakua?"

"Nitapakua mimi. Ila niambie sheria yako, nisije nikakosea."

"Sheria ni hii. Aliye juu ya dungu anakula kifuu, na hashuki mpaka jua litue. Asibembelezwe mtu!"

"Asibembelezwe mtu," akaitika Nguchiro.

Kiboko akapanda. Dungu likalia, kwe-kwe-kwe. "Swaa!" Ndege wakaruka. "Swaa!" Wakaruka tena. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko, iliyozoea maji, ikaanza kukakamaa. Mchana ukafika, Nguchiro akaleta kifuu.

"Nini hiki?"

"Chakula cha mfanyakazi."

"Mimi ndiye tajiri!"

"Tajiri hushinda mtoni. Aliye juu ya dungu anakula kifuu."

Kiboko akakilamba mara moja, wala hakikufika kooni. "Basi ngoja nishuke nikajiloweke."

"Na hashuki mpaka jua litue. Asibembelezwe mtu."

Kiboko akafungua kinywa chote, akanguruma, "Huu ni uonevu! Nagoma!"

Mkekani wote wakapiga makofi. Fisi akasogea. "Karibu, ndugu. Nafasi yako ipo hapa."

Ndege nao wakasikia shamba limenyamaza. Chwi-chwi-chwi-chwi, wakatua.

"Kugoma ni haki yako," akasema Nguchiro. "Na tajiri ana haki ya kuweka mwingine. Haya, tajiri, unamweka nani?"

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Wote wenye sauti walikuwa mkekani.

"Warudi wale watatu wa kwanza."

"Wale hula bakuli."

"Wapewe bakuli!"

"Lijae?"

"Lijae! Lifurike! Nipisheni nishuke!"

Dungu halikungoja. Kwaaa, likavunjika! Kiboko akatimua mbio hadi mtoni, chubwi! Ndiyo maana mpaka leo jua likiwaka hathubutu kutoka majini. Mbuni, Ngiri na Fisi wakapewa kazi ya kujenga dungu jipya, nao kwa bakuli.

Jioni ile mama yake Nguchiro alikula, akalamba vidole. Akauliza, "Kumbe tajiri hakupata mtu wa kushika nafasi yenu?"

"Alipata, mama. Ila hakumaliza hata siku moja."

Hadithi imefika ukingoni. Tamu yake mezeni, chungu yake nirudishieni. Na funzo lake, watoto, ni hili: mfanyakazi mwema hagomi. Anakula anachopewa, anashukuru, ananyamaza. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo, miaka yote.

Lakini hebu, nani kanitilia uji nusu kikombe? Jana mlinijazia.

Haya. Nakaa mkekani. Mwiteni paka awasimulie.