Ufagio wa Bi Kidawa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana migomba yenyewe ingalipo, aliishi mjane mmoja, Bi Kidawa, aliyelipenda shamba lake kupita kiasi. Kila asubuhi alilifagia. Jani likidondoka kutoka kwenye mifenesi, kabla halijatulia, ufagio umeshafika.

Mgongo ulipomgomea, akawagawia wakaza wanawe kazi: nusu ya juu Siwema, nusu ya chini Zena. Wa tatu, Mashavu, alikuwa mzazi, mtoto bado mchanga, akaachwa apumzike.

"Fagieni, wanangu, na hizo takataka mzichome moto."

Siwema akafagia, Zena akalala. Siwema akafagia hadi udongo ukang'aa. Zena akalala hadi majani yakafika kifundoni.

"Hivi mwanangu alioa mke au alioa usingizi?" Bi Kidawa alinung'unika, huku akimfunika kanga asipigwe na baridi.

Mwaka huo mvua zikakatika. Migomba ya juu ikalegea, ikaanza kuanguka. Ya chini ikasimama, kijani kabisa. Bi Kidawa akalia mbele za watu, maana migomba hiyo ndiyo iliyomlelea wanawe.

"Atakayeliponya shamba hili, ni lake."

Mashavu akashuka, mtoto mgongoni, akapenyeza mkono chini ya majani ya Zena. Ukatoka na udongo mweusi, mbichi, na nyungunyungu wawili. Akaliendea lundo la Siwema pale mpakani, akabeba majani tenga kwa tenga, akaifunika migomba ya juu. Machipukizi yakachomoza. Mwaka uliofuata, mikungu ikaning'inia shamba zima.

"Shamba langu," akasema Mashavu. "Nani mwingine aliyeutazama udongo?"

"Ungeutazama wapi," akasema Zena, "kama nami ningefagia?"

Bi Kidawa akamgeukia Siwema.

"Nawe, lundo lile si nilikwambia ulichome?"

"Nilikwenda na moto, mama. Nikamkuta kuku wako ameatamia humo. Nikasema atotoe kwanza. Tangu hapo sikuwa na moyo wa kulichoma."

Bi Kidawa akawatazama wote watatu, akawapenda wote watatu, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Ahadi aliitoa hadharani, na shamba ni dogo, halikatiki. Akauvunja ufagio wake gotini, akaketi juu ya majani.

Haya, mnaonisikiliza, msimwachie bibi wa watu peke yake: aliyelala, aliyebeba, au aliyemhurumia kuku, shamba lile lilikuwa haki ya nani?