Mnana na Kamba Iliyonyooka

Paukwa!

Pakawa!

Msiniulize kwa nini leo nimekaa mguu nimeunyoosha. Na Mama Subira huko jikoni aache kwanza kutafuta mwiko, aje asikilize.

Hapo zamani za kale alikuwapo ndege Mnana, fundi wa kusuka, mwenye maringo kama mimi nilipokuwa na nywele. Kiota chake kilining'inia juu ya mto kwa kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. Ndani mlikuwa na mayai matatu.

Mwunga kamba alikuwa Konokono. Macho yake hafifu. Kila asubuhi alipanda, nyaa, nyaa, nyaa, akipapasa kwa pembe. Kamba ikinyooka, hupita. Ikipinda, husimama, kwani uzi ukikatika kamba hulegea, na ikilegea hupinda. Hapo huunga kwa ute wake.

Siku moja uzi mmoja ukakatika, tap! Kamba ikapinda. Mnana akaona haya, majirani wasije wakamcheka. Akatwaa kijiti, akakifunga palipokatika. Kamba ikanyooka. Akajipongeza sana. Nami ningejipongeza, maana akili zetu zimepikwa chungu kimoja.

Konokono akaja, nyaa, nyaa. Akapapasa. Imenyooka. Akapita. Mke wa Mnana akamsihi mumewe aseme. Mnana akasema atasema kesho. Kesho akasema kesho.

Siku ya tatu upepo ukavuma. Uzi wa pili, tap! Kiota, chubwi! Mayai yote matatu yakaenda na maji.

Mnana akalia, akamlaumu Konokono kwamba alipita pale kila siku.

"Mimi mkato siuoni, bwana," akajibu Konokono. "Naujua mpindo, nawe uliuficha. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake hunionyesha pa kuunga. Zikikatika zote mbili, nishike nini?"

Mkewe akaanza kusuka kiota kipya peke yake. Hilo lilimuuma Mnana zaidi.

Mjukuu wangu Subira, anayesomea vinasaba, asema hata miilini mwetu mna kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, na mafundi wake hulitambua jeraha kwa kupinda kwake. Nikamwambia hayo nayajua zamani. Uongo wangu mtupu.

Basi, kilichokatika usikinyooshe kwa haya. Kiache kipinde, fundi akijue. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hadithi yangu imekomea hapo, na mimi nimekomea hapa. Juzi nilianguka nikipanda ngazi kama kijana, na goti halinibebi. Mama Subira, mwiko wako umo humu, nimeufungia ndani ya suruali. Njoo uufungue, unipeleke zahanati.