Kilo Sita za Bibi

Kabla sijaanza, kina mama, inueni mkono wa kulia. Wote. Na wewe wa dirishani nimekuona, weka simu chini, inua mkono. Semeni moyoni: haya nitakayoyasikia leo hayavuki kizingiti cha kanisa hili. Mmeapa? Vizuri. Maana na mimi niliapishwa na aliyenisimulia, nikaapa kwa mikono miwili, na siri yake nimekaa nayo tangu Alhamisi. Leo Jumapili. Siku tatu kwa mtu wa umri wangu ni kufunga kukavu, na Mungu ameona nimejitahidi.

Jina la mtu silitaji. Nitasema bibi mmoja, basi. Anakaa mtaa wa juu, nyumba yenye mlango wa bluu, lakini huo mlango msiufikirie sana.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeuza maharage sokoni miaka thelathini. Mizani yake ilikuwa ile ya sahani mbili, huku maharage, huku mawe: mawili ya kilo mbili, mawili ya kilo moja, na la nusu. Mawe ya chuma, meusi, yenye namba mgongoni. Alipima sawasawa, hilo tumpe, hakuna mteja aliyewahi kumrudia na kifurushi. Miguu ilipochoka akarudi nyumbani. Mizani akamwachia mwenzake, mawe akabaki nayo, hata mwenyewe hakujua kwa nini. Mjukuu wake alipoanza kutembea, mawe yale yakawa wanasesere. Aliyavalisha vitambaa, akayalaza, akayabeba mgongoni.

Mjukuu huyo ni wa kike. Ana miaka saba, mwembamba, masikio makubwa, na duniani haogopi kitu isipokuwa bata mzinga. Baba yake, yaani kijana wa huyu bibi, ni fundi pikipiki. Siku moja akarudi na fremu ya gokati, vile vigari vya mbio visivyo na paa wala milango, vifupi kama stuli, mtu anakaa karibu na lami mpaka angeweza kuokota kokoto. Akafunga injini, akapaka rangi ya chungwa, akampeleka binti yake kwenye ule uwanja wa zamani wa kiwanda cha pamba, ambako yuko kocha anayefundisha wadogo.

Bibi akafuata kuona. Akakizunguka kigari mara mbili kama anayenunua mbuzi.

"Hiki kidude kinakimbia kiasi gani?"

"Kwa sasa hakikimbii, bi mkubwa," kocha akasema. "Wiki mbili za mwanzo tunafundisha breki peke yake. Mtoto asiyejua kusimama simruhusu kukanyaga mafuta."

"Mfundishe kusimama mpaka Krismasi."

Kocha akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mume wa huyu bibi alikuwa dereva wa lori. Aliaga asubuhi moja, akasema mboga ya jioni iwe mlenda, na mlenda ulipikwa. Hapo siendelei.

Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungesema, naogopa. Neno fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Lakini huyu bibi alikuwa ameshasimama kanisani kwake, mbele ya watu wote, akasema mjukuu wake anaingia kwenye mashindano, wamwombee ashinde, naye akapigiwa vigelegele mpaka kwaya ikasahau zamu yake. Kina mama wakapanga vitenge vya sare vya kwenda kumshangilia mtoto. Atarudi kusema nini? Atawaambia rudisheni vitenge, moyo wangu unatetemeka?

Basi sikilizeni alichofanya. Miguu ya mtoto ilikuwa haifiki kwenye breki, kocha akasema utafutwe mto wa kukalia, wa kumwinua na kumsogeza mbele. Bibi akadakia: "Mto nitashona mimi."

Na jambo moja alikuwa amelisikia pale uwanjani, akalitunza. Kocha ana mizani yake, kubwa, bapa, imelazwa chini. Kigari kinapanda juu na mtoto wake ndani. Mtoto mwepesi anaongezewa vipande vya chuma vilivyokazwa kwa bolti, ili wote wawe sawa. Mwanzo wa msimu walipimwa wote. Baada ya hapo, kila mbio zikiisha, wanapimwa watatu wa kwanza tu. Kwa sababu anayeiba kwenye uzito huiba ili awe mwepesi, na mwepesi hushinda. Aliyefika wa mwisho, nani ana haja ya kumpima?

Mto wa kwanza ulikuwa na sponji tupu. Lakini siku mtoto aliporuhusiwa mafuta, aliondoka kama kuku aliyemwagiwa maji, bibi akauma ncha ya khanga yake mpaka mtoto aliposimama. Jioni ile akafumua mshono, akapachika jiwe la kilo moja katikati ya sponji, akashona.

Na kweli mwendo ukapungua. Bibi akalala vizuri wiki mbili. Kisha mtoto akakizoea kigari, akajua pa kushikia breki na pa kuiachia, akawapita wawili. Mshono ukafumuliwa tena, likaingia la kilo mbili. Mwezi ukapita, mtoto akazoea na hilo. Likaingia la kilo mbili jingine. Mto bibi aliubeba mwenyewe, kwapani, kama mkoba wa mchumba. Kijana wake akitaka kumpokea, anamwambia, "Acha, baba, utaujaza grisi."

Na kila Jumapili anasimama: mniombee mjukuu wangu ashinde. Na sisi tukaomba, tena mimi magoti yangu yana alama mpaka leo. Nimesema "sisi"? Ulimi umeteleza. Nilitaka kusema wale.

Mtoto akawa anafika wa mwisho. Wa mwisho, wa mwisho, wa mwisho. Ikabaki wiki moja. Jumamosi ni mbio za kufunga msimu, na kocha alishasema watatu wa kwanza siku hiyo ndio atakaoendelea nao, wengine warudi mwakani. Jioni mtoto akaja kukaa na bibi yake jikoni, wanachambua mchicha.

"Bibi, mimi ni mzito?"

"Mzito wapi, mke mwenzangu? Upepo ukivuma mimi nakushika sketi."

"Kigari hakinitaki. Nikifika kwenye kona, nyuma kunanisukuma, kama kuna mtu ameniwekea mikono kiunoni. Baba amefungua injini mara nne. Anasema injini ni nzima."

"Basi kama ni nzima."

"Basi kama ni nzima, mbovu ni mimi." Mtoto akachagua jani, akaliweka. "Nikishindwa Jumamosi nitamwambia baba akiuze. Kitu ukiwa hukiwezi unaacha."

Bibi alikuwa amelisubiri neno hilo miezi minne. Lilipofika akajikuta anatupa majani na kubakiza vijiti kwenye sufuria.

Mnafikiri alikwenda kutoa mawe? Nawauliza nyinyi mnaotikisa kichwa. Mtu anayeogopa akiona amebakiza hatua moja, anarudi nyuma? Alikwenda akachukua jiwe la mwisho la kilo moja. Zikatimia sita. Uzi wa gunia ulikuwa umekwisha, akashona harakaharaka kwa uzi wa nguo, sindano akaichomeka kifuani kwenye gauni, akaisahau hapo.

Jumamosi ikafika. Kina mama wamejaa uwanjani na vitenge vyao, bibi katikati, anashangilia kuliko wote. Mbio hazijaanza, ikapita mvua fupi, ile ya kulowanisha na kuondoka. Lami ikang'aa kama sahani. Na hapo ndipo Mungu alipocheka.

Kwa sababu watoto wengine wote walizoea vigari vinavyotii. Walipofika kona ya kwanza vikawatelezea nyuma, huyu akazunguka, yule akaingia kwenye matairi ya pembeni, mwingine akasimama akaanza kulia anamtaka mama. Lakini mtoto wa kigari cha chungwa, nyuma kumemsukuma miezi minne. Kuteleza kwake ni kama salamu ya asubuhi. Akakata usukani kidogo, akaachia breki mapema, akapita katikati yao. Akafika wa tatu.

Vigelegele. Bibi naye anapiga, ulimi unakwenda wenyewe. Kisha ukasimama. Amekumbuka kitu: watatu wa kwanza wanapimwa.

Wa kwanza akapanda mizani, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu akapanda na helmeti yake, akisubiri kusifiwa. Mizani ikasema ana kilo sita zaidi.

Msaidizi wa kocha akaigonga mizani kwa kiatu. Ikasema sita. Mtoto akashushwa, akapandishwa tena, ikasema sita. Kocha akamgeukia yule fundi, kijana wa bibi.

"Fundi, umemfungia nini mtoto?"

"Sijamfungia kitu, kocha. Tazama mwenyewe, bolti ni zako zilezile."

"Kama hakijafungwa ndiyo mbaya zaidi. Mzigo unaotembea chini ya mtoto, kwenye kona, na leo kumelowa, unaweza kupindua kigari. Ulitaka kumuua mwanao?"

Wazazi wengine wakaanza kusogea, si mnatujua tunavyosogea. Mmoja akasema fundi huyu hata pikipiki yangu aliirudisha ikiwa na kelele. Na bibi pale alipo amesikia neno moja tu, kupindua. Miezi minne alidhani anamshika mtoto asianguke. Kumbe ile mikono iliyokuwa ikimsukuma kiunoni ilikuwa ya kwake.

Kocha akainama, mkono unaelekea kwenye kiti. Kina mama, bibi yule alitembea mwendo ambao hajautembea tangu aache soko. Akafika, akapanda mizani na viatu vyake, akaudaka mto.

"Huu ni mchafu, baba. Ngoja nikaufue."

"Bi mkubwa, shuka kwenye mizani."

"Nashuka na mto wangu."

Hapo nimsimamishe. Mwacheni asimame, ana miguu. Maana nawaona mnacheka, na mimi napenda mkicheka, mtu anayecheka ameacha mlango wazi.

Sisi tuliomo humu, ni wangapi tunaosema "nenda mwanangu, Mungu akutangulie," na mkono umeshika shati lake kwa nyuma? Binti yako anasoma ufundi umeme. Unamwombea kila alfajiri. Na kila jioni mezani unamkumbusha yule wa mtaa wa pili aliyepigwa shoti. Hilo ni la kilo moja. Kijana wako amepata nafasi mbali, unamfungia maandazi ya safari, halafu unamwambia, nenda tu, mimi presha yangu nitajua mwenyewe. Hilo ni la kilo mbili, tena umelishona kwa uzi wa gunia. Mtoto anachelewa, anajishangaa, anajikagua, anafungua injini mara nne. Hatimaye anajihukumu kwamba mbovu ni yeye. Na sisi tunapiga magoti tunamwuliza Mungu mbona hajibu.

Anajibu. Amekuta kilo ambazo hazimo kwenye hesabu.

Na ujanja wetu ninauona, msidhani siuoni. Tunajua anayeshindwa hapimwi. Mtoto akiendelea kuwa wa mwisho, nani atafungua mto? Tutampa pole, tutampikia wali, tutasema kila mtu na riziki yake. Siku yetu ya kukamatwa ni siku atakayoshinda.

Kuogopa hatukatazwi. Mama asiyeogopa huyo si mama, ni mlango. Lakini kamwambie mtoto mdomo kwa sikio: mwanangu, naogopa, kwa sababu babu yako hakurudi. Neno hilo halina hata gramu moja. Analibeba anapita nalo kona zote. Kinacholemea ni kile tulichokificha chini yake tukamwacha akikalie bila kujua.

Na msihangaike kuhusu yule mtoto. Nafasi aliipata. Kocha gani atamwacha mtoto aliyepita wenzake kwenye maji huku amekalia kilo sita?

Sasa turudi, bibi amechoka kusimama.

Amesimama juu ya mizani. Kocha anavuta mto upande huu, yeye anavuta upande ule, na vitenge vya sare vyote vimezunguka kutazama. Uzi wa nguo ukafanya unachofanya uzi wa nguo. La kwanza likaanguka, ngo. La pili. La tatu likabingirika mpaka kwenye kiatu cha kijana wake, likalala chali, namba juu. La nne likabaki limening'inia kwenye sponji, kisha nalo likashuka.

Mtoto akavua helmeti, masikio yake yakatokea. Akaokota moja la kilo mbili, akalifuta tope kwa kidole kama alivyokuwa akilifuta zamani alipokuwa akilivalisha. Akalitambua. Akainua macho.

"Bibi," akasema, polepole, mbele ya watu wote. "Kumbe sikuwa mzito."

Na bibi amesimama vilevile, mto mtupu mkononi, sindano kifuani, na mizani chini ya miguu yake bado inamsoma.