Nani Ashike Usukani wa Gari la Bi Hidaya

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu magari yalipoanza kupimwa kwa mashine kama wagonjwa, palikuwa na mwalimu mgane wa Muheza, jina lake Semhando. Alikuwa na binti mmoja, Salha, na gari moja jeupe, kuukuu, la marehemu mkewe Bi Hidaya. Binti alikuwa anaolewa Jumamosi. Gari lilikuwa halitaki kuwaka.

Likiwashwa, linakohoa. Likikohoa, linatoa moshi mweusi. Likishatoa moshi, linazima.

Salha akasema, "Baba, mama alinipeleka shule kwa gari hili. Alinipeleka hospitali kwa gari hili. Kwa mume sipelekwi na gari la kukodi. Lisipowaka, siendi."

Mwalimu akalia, maana ukaidi ule aliujua ulikotoka. Akatangaza, "Atakayelifanya liwake ndiye atakayemwendesha bibi harusi, tarumbeta mbele, mji mzima ukitazama!"

Na nyie mnaujua mji wetu. Ukimwendesha bibi harusi mara moja, unasimuliwa mpaka unazikwa.

Akaja kwanza Fundi Kibindu, na mashine yake yenye kioo kipana kama sinia. Mashine hiyo aliifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Akatafuta pa kuichomeka chini ya usukani, hakuna. Akafungua boneti, akakuta kijisanduku kando ya betri, na matundu yake hayafanani kabisa na meno ya mashine. Mashine ikalitazama gari, gari likaitazama mashine.

"Gari hili limezaliwa kabla mashine yangu haijatungwa mimba," akasema Kibindu.

Akachora matundu yale kwa kalamu kiganjani mwake, akapanda basi na mashine yake mpaka Tanga mjini, kwa muuza vifaa vikuukuu. Muuzaji akamtolea mashine ndogo kama kiberiti, inayoongea na simu. "Hii inasoma magari yote!"

"Yote ya mwaka gani?"

Muuzaji akakohoa. Akatoa nyingine yenye rangi tele. "Hii ndiyo inayosoma yote!"

"Yote ya mwaka gani?"

Muuzaji akakohoa tena. Kibindu akafungua kiganja. Ndipo chini ya meza likatolewa dude jeusi, zito, lina waya mnene na kijidirisha cha kuonyesha namba tu. Meno yake yakalingana na mchoro. Lakini muuzaji akasema hataki malipo mengine ila ile mashine ya sinia. Kibindu akaitoa. Akarudi Muheza analia kwenye basi, na mimi simcheki, kwani kila mtu ana anachokifuta asubuhi.

Dude likachomekwa. Likaandika: ishirini na mbili. Basi!

"Ishirini na mbili nini?" wakaulizana. Mwalimu akadhani ni joto. Salha akadhani ni umri wake, mama yake anamsalimia.

Alikuwepo Mama Zakia, muuza vitumbua wa mbele ya gereji. Bi Hidaya enzi za uhai wake alimpa karatasi kuukuu za kufungia vitumbua, na kitabu cha gari kikiwa humo humo. Na Mama Zakia ana desturi yake: hafungi kitumbua kwa karatasi asiyoisoma, asije akamfungia mtu siri za nyumba yake.

"Ishirini na mbili ni sensa, kile kipimio cha joto la maji ya injini," akasema. "Ukurasa wenyewe umekwisha kuliwa na watu, lakini niliusoma. Gari linadhani lina baridi, ndiyo maana linajimwagia petroli lipate joto, mpaka linapaliwa."

"Baridi! Muheza hii?"

"Mimi nimesoma tu. Liulizeni gari."

Kibindu akafunga sensa mpya. Gari likakohoa vilevile.

Hapo akasimama Mzee Mdoe, fundi wa zamani asiyetaka mashine yoyote. "Panya," akasema.

Watu wakacheka. Mzee Mdoe gari lolote husema panya. Breki zikigoma, panya. Tairi likipasuka, panya! Lakini safari hii akaushika ule waya wa sensa, akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya injini, akautoa umetafunwa. Akauunga. Gari likawaka, likanguruma, na Salha akalikumbatia hivyohivyo na gauni lake jeupe la harusi.

Ilikuwa Jumamosi yenyewe. Tarumbeta zimeshaanza. Na ugomvi ukaanza.

Kibindu akasema, "Mashine nimeichagua mimi, na kipenzi changu nimekitoa. Bila mimi, bibi harusi angebaki kwao!"

Mama Zakia akasema, "Mashine yako ilitaja namba, maana yake nimeitoa mimi. Na leseni ninayo, nimeendesha lori la mchanga miaka sita. Bila mimi, bibi harusi angebaki kwao!"

Mzee Mdoe akasema, "Nyote mlifika kwenye sensa mkakwama. Bila mimi, bibi harusi angebaki kwao!"

"Umebahatisha wewe!" wakamkaripia. "Kila siku panya!"

"Miaka thelathini nasema panya. Kosa langu ni kuwa na jibu tayari mapema?"

Mwalimu akamgeukia binti yake. Salha akajibu kutoka kiti cha nyuma, "Baba, ahadi umeweka wewe."

Basi, jamani, mlango wa dereva uko wazi, injini inanguruma, petroli inakwisha, bwana harusi anatazama saa. Mimi na mke wangu tumeshanuniana siku mbili kwa neno hili, na jibu lake silitaki. Nataka lenu. Kwenye kiti kile, ni nani aliyestahili kukaa?