Kiboko Aliyekosa Mwaliko wa Vita

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa bwawa!

— Pakawa na mwenyewe!

Na mwenyewe akiwa mkubwa?

— Jirani hana pa kukaa!

Haya, sogeeni. Mwenye njugu agawe, maana nikisikia mtu anatafuna peke yake roho huniuma, na hadithi yenyewe ni ya roho kuuma.

Hapo kale palikuwa na bwawa pana chini ya vilima, na ndani yake aliishi Kiboko na taifa lake lote. Bwawa lilikuwa pana, lakini Kiboko alijiona mpana zaidi. Kona hii yake, kona ile yake, magugu yake, tope lake. Mnyama wa nchi kavu akitaka kunywa, kwanza alete mzigo wa majani mabichi. Nyati alete majani, Tembo alete majani. Kiboko anakula, anateuka, beuuu! Anazama, chubwi!

Katika magugu ya bwawa hilo alikaa Chura. Chura hakuwa na majani ya kuleta, alikuwa na mayai tu. Kila mwaka alitaga, na kila mwaka, kabla viluwiluwi vyake havijaota miguu, Kiboko aligeukia ubavu wa pili, pwaa! Uzazi wa mwaka mzima ukaishia tumboni mwa tope.

Safari hii Chura akaenda kumwomba. "Bwana mkubwa, nipe kona moja tu, hapa penye magugu. Mpaka wanangu waote miguu."

"Bwawa la nani?" Kiboko akauliza.

"Lako, bwana mkubwa."

"Na kona?"

"Yako."

"Basi umeshajijibu." Pwaa! Akageuka.

Chura akanyamaza. Waliosema kimya kingi kina mshindo, nadhani walikuwa wamemwona Chura siku hiyo.

Mwaka huohuo vita vikazuka. Vilianza kwa kichuguu. Nyati alijikuna mgongo kwenye kichuguu, Tembo akasema kichuguu kile ni chake cha kujikunia. Nyati akamwita swahiba yake Kifaru. Tembo akamwita swahiba yake Simba. Kifaru akamwita swahiba yake Ngiri. Simba akamwita swahiba yake Chui. Swahiba akamwita swahiba, swahiba wa swahiba akamwita shemeji, mpaka dunia nzima ikawa inapigana, na kichuguu chenyewe kilikwisha kanyagwa zamani. Watu wa Nyati walijipaka udongo mwekundu kwenye paji la uso. Watu wa Tembo walijipaka majivu. Hizo ndizo sare zao.

Kiboko hakutaka vita. Ngiri alitumwa na Nyati kuja kumwomba, Kiboko akatoa pua majini akasema, "Vita vya nchi kavu wapigane wa nchi kavu. Mimi simo." Nyani alitumwa na Tembo, Kiboko akasema yaleyale, "Mimi simo." Wakarudi tena na majani mengi zaidi. Majani akayala. Kisha akasema, "Mimi simo."

"Vizuri, Baba Kibonge," mkewe akamwambia. Kibonge ndiye kifungua mimba wao, kijana aliyekwisha toa meno ya kujivunia. "Hapo umesema neno."

Lakini niwanong'oneze. Kiboko alikuwa anafurahi sana siku hizo, na hakuwa anafurahia amani. Alifurahia kuombwa. Akikataa asubuhi, kutwa nzima anasimulia alivyokataa, na kila akisimulia, wajumbe wanazidi kupiga magoti. Siku moja utamu ukamzidi, akanguruma mbele ya wote wawili, "Waambieni mabwana zenu wasiniulize tena!"

Chura, kule kwenye magugu, akayaokota maneno hayo.

Kesho yake akaenda kukaa njiani. Akaja Ngiri, tifu tifu tifu.

"Kaka Ngiri, wapi hiyo?"

"Kumwomba Kiboko."

"Amesema asiulizwe tena."

"Kweli?"

"Si ulimsikia mwenyewe?"

Ngiri akageuza. Akaja Nyani. "Kaka Nyani, wapi hiyo?" Kumwomba Kiboko. "Amesema asiulizwe tena." Kweli? "Si ulimsikia mwenyewe?" Nyani akageuza. Na mnisikilize vizuri: Chura hakusema uongo hata mmoja.

Bwawani Kiboko akangoja. Alikuwa ametunga kukataa kupya, kurefu, kulikojaa methali. Akatoa pua, hakuna mtu. Akatoa masikio, hakuna mtu. Akatoa kichwa kizima, akamwona Twiga anapita mbali, shingo juu, paji la uso jekundu, wala hakugeuka.

Kisha upepo ukaleta ngoma. Ndi! Ndi! Ndi!

"Nani wanacheza?" Kiboko akauliza.

"Wapiganaji, bwana mkubwa," Chura akajibu. "Kabla hawajaondoka huchezewa ngoma, wakatajwa majina."

"Majina ya nani?"

"Nyati ametajwa. Kifaru ametajwa. Twiga ametungiwa wimbo wake peke yake."

"Na mimi?"

"Wewe si ulisema humo?"

Kiboko akazama, chubwi! Lakini chini ya maji ngoma ilisikika vilevile. Majani hayakushuka kooni. Akajiambia hajali, na kila akijiambia hajali, moyo unamchoma. Twiga! Miguu kama mabua ya mahindi, naye katungiwa wimbo!

"Baba Kibonge, una nini?" mkewe akauliza.

"Sina kitu."

"Mbona unatafuna na mdomoni hamna majani?"

Asubuhi akamwita Chura mwenyewe. "Nani mwingine amealikwa?"

"Aa, bwana mkubwa, tuyaache hayo."

"Sema!"

"Basi. Fisi."

"Fisi yupi? Fisi huyuhuyu anayekimbia kivuli chake?"

"Huyohuyo. Tena yuko mstari wa mbele. Sare imemkaa, utadhani amezaliwa nayo."

Hapo wivu ukampanda Kiboko ukamfika puani. Si wivu wa kusema, ni ule wa kutoa machozi. Kualikwa Fisi na kuachwa yeye! Tangu lini? Kwa lipi? Alisahau kwamba aliombwa, akaombwa, akaombwa. Aliyekataa harusi akisikia pilau imeiva, kosa huwa la mwenye harusi.

"Nami nataka sare," akasema.

"Hapana, wewe ni mtu wa amani."

"Lete udongo!"

"Bi Kiboko atanigombeza."

"Lete, nimesema!"

Akatoka majini, yule mkubwa, maji yanamchuruzika, akainamisha kichwa chake chote mbele ya Chura. Chura akampaka paji la uso udongo mwekundu, akangoja ukauke. Kiboko akajitazama majini. Lo! Akapendeza machoni mwake mpaka akataka kushuka ajione karibu.

"Taratibu!" Chura akapiga kelele. "Ukiingia majini sare itafutika!"

Kiboko akaurudisha mguu haraka. Akasimama ukingoni. Jua likampiga, ngozi ikaanza kumbana, maji yako hapo na hawezi kuyaingia. Sasa mtu mwenye sare, asiyeweza kurudi kwake, aende wapi? Aende zinakoonekana sare.

Bi Kiboko akatoka mbio. "Baba Kibonge! Ulisema hatumo!"

"Nilisema kabla ya Fisi."

"Unakwenda kupigania nini?"

Kiboko akafikiri. "Nitaambiwa hukohuko," akasema.

Mambo yangeishia hapo Chura angekuwa ameshinda bila doa. Lakini wivu una watoto wengi kuliko chura. Vijana wa kiboko walimwona mkubwa wao anang'aa, nao roho zikawauma. Wa kwanza kutoka majini alikuwa Kibonge.

"Baba ana sare. Mimi je?"

Chura akamtazama. Alitaka kumtoa mgeuka ubavu mmoja tu, hakutaka kuwatoa wote. Akafungua mdomo aseme neno. Kisha akakumbuka mayai yake kwenye magugu, akaufunga. Udongo ulikuwa tele pale ukingoni, vijana wakajipaka wenyewe. Wakaondoka, ndi! ndi! ndi! Ardhi ikatetemeka, na Bi Kiboko akabaki na maji.

Njiani Kiboko akamkuta Fisi. "Sisi ni upande gani?"

"Wekundu."

"Na wale wametukosea nini?"

"Wamejipaka majivu," Fisi akasema, akasogea nyuma yake.

Vita sivisimulii, vinasimuliwa na waliovikimbia mapema. Pembe ziliingia, meno yaliingia, vumbi likafunika jua, pu! pa! pu! Sikio la kushoto la Kiboko likabaki hukohuko. Ngozi yake ikapasuka kwa ukavu, na hakuthubutu kugusa hata dimbwi, asije akafutika. Jioni moja ngoma ikamtaja. Ikamtaja mara moja, tena baada ya Fisi. Maumivu ya sikio aliyasahau, hilo hakulisahau.

Kisha masika yakaanguka, waaa! Mvua ikanyesha juu ya wekundu, ikanyesha juu ya weupe. Udongo ukachuruzika, majivu yakachuruzika, Nyati akainua pembe amchome aliye mbele yake, akasita.

"Wewe wetu au wao?"

"Sijui. Wewe je?"

Naye hakujua. Wakatazamana, kila mtu na uso wake wa kuzaliwa, wakaona haya. Kila mmoja akashika njia ya kwao.

Kiboko akarudi bwawani na wachache aliobaki nao. Akakuta maji yamefurika, na vyura wadogo, miguu yote minne, wanaruka kona hii, kona ile, tumbwi! tumbwi! tumbwi! Hakuwaona. Alimwona mkewe amesimama ukingoni, anawatazama waliokuja, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Baba Kibonge," akasema. "Kibonge yuko wapi?"

Kiboko akageuka kutazama njia waliyotokea. Akatafuta, akatafuta, akainamisha kichwa amwonyeshe kitu kimoja alichorudi nacho.

"Tazama hapa," akasema.

Bi Kiboko akatazama. "Naona paji la uso," akasema. Akaingia majini akampa mgongo.

Chura akawanyamazisha wanawe. Siku hiyo hakuna aliyeimba bwawani.

Kiboko naye akaingia, taratibu, akalala bila kugeuka ubavu. Akalala hivyo siku nyingi. Mpaka jioni moja, mbali huko nyuma ya vilima, kitu kikalia. Ndi! Ndi! Ndi!

Sikio lililobaki likasimama.

"Hao nao," Kiboko akasema, "wanacheza nini, mbona sikuambiwa?"

Hapo ndipo hadithi ilipotokea majini ikajikung'uta. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, nirudishieni nimpe jirani.

Na funzo lake, wanangu, lishikeni. Ukisikia watu wanapigana, kaa kwako, funga mlango, wala usichungulie. Ila kama Fisi amealikwa. Hapo hata mimi ningewauliza vizuri mbona sikualikwa.