Benchi la Gasaro juu ya Genge

Wahenga walipima maneno yao kabla ya kuyatoa. Hawakusema kwamba mcheza vizuri hutunzwa, maana wapo waliocheza vizuri ugenini wakarudi nyumbani na jasho lao tu. Walisema mcheza kwao. Kisa cha Gasaro wa Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, kinaonyesha kwamba walijua walichokisema, ingawa yeye mwenyewe kwa miaka mingi aliamini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wengine, watu wenye kwao.

Gasaro alizaliwa katika kichochoro kilicho nyuma ya msikiti, binti wa fundi viatu. Mwaka wa tisini na nne ulipopita, ulipita na baba yake, mama yake na kaka zake, ukamwacha yeye peke yake kama punje iliyosahauliwa kinuni. Meno ya utoto yalikuwa hayajamalizika kung'oka. Majirani ndio waliomficha. Kila wasakaji walipokaribia mlango mmoja, alipitishwa uani hadi mlango mwingine, amejikunja ndani ya beseni na kufunikwa ungo kama mihogo inayopelekwa kusagwa. Amani iliporudi, hakuna nyumba iliyosema huyu ni wangu, wala hakuna iliyosema si wangu. Alikula hapa, akalala pale. Alipomaliza shule ya msingi alishika sindano, akawa anatia pindo na vifungo kwa Mudathiru, fundi cherehani wa sokoni, na akapewa chumba kidogo mwisho wa kichochoro.

Kwa mawazo yake, mtoto wa nyumba zote alikuwa mtoto asiye na nyumba. Kwa hiyo aliishi kwa uangalifu, kama mgeni anayeogopa kuambiwa amekaa mno. Mwenye homa alitekewa maji naye. Mwenye mkesha wa msiba alimkuta jikoni. Vita vya Kongo vilipowasukuma watu wa Bukavu kuvuka daraja la Ruzizi na watoto mgongoni, yeye ndiye aliyemkaribisha Maman Odette, mwuza vitenge, akampa chumba nusu na mkeka mzima. Na kila palipokuwa na harusi, wanawake walicheza uani, Gasaro akiosha sahani nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemzuia kucheza. Hakujua tu angecheza kwa nani.

Basi Mudathiru akampenda, naye akampenda Mudathiru, jambo ambalo lilishangaza watu wachache tu, kwani kwa muda mrefu vifungo vya fundi huyo vilikuwa vikikatika mno. Kilichobaki kilikuwa posa. Huko Kamembe, hata katika nyumba za Waislamu, posa ni mabenchi mawili yanayotazamana. Wazee wa mvulana hukaa upande huu na kuomba. Wazee wa msichana hukaa upande ule, hujifanya hawamjui anayeombwa, huwazungusha wageni kwa mzaha mpaka watoke jasho, kisha hukubali. Msichana akitolewa hivyo hutembea kichwa juu. Asiyetolewa na mtu husemwa kwamba amejipeleka.

Mudathiru alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Ndayisaba, mkulima wa mpunga kutoka Bugarama. Siku moja Gasaro alikuwa nyuma ya pazia la duka akikunja suruali, akamsikia mzee huyo akizungumza na kijana wake. Alisema kwamba kwa msichana hana neno, ni msichana mwenye mikono mizuri na macho ya haya. Kisha akashusha pumzi.

"Lakini tukienda kuposa, mwanangu, tutatazamana na nani? Benchi tupu haliitikii salamu."

Hakulisema kwa ubaya, na kwa hiyo lilichoma zaidi. Tusi mtu hulitupa. Ukweli hubaki nao.

Tangu siku hiyo Gasaro akaanza kupanga. Mudathiru alipomwambia wawaombe majirani waketi kwa niaba yake, alikataa. Alisema kila nyumba katika kichochoro ina wafu wake wa kuwalilia, na yeye amekwisha kula chakula chao na kulalia vitanda vyao. Hawezi kurudi tena kuwaomba na ubaba. Wala hawajawahi kumwuliza. Wangetaka, wangesema. Mudathiru alikuwa na ulimi wa kushona nguo tu, akarudi kwenye cherehani yake.

Nje kidogo ya mji kuna genge linaloinamia ziwa Kivu. Juu yake ni mwamba mtupu na nyasi; chini maji ni ya kijani hadi mtu asione mwisho wake. Kulia kuna kisiwa cha Nkombo, na ng'ambo ya maji mabati ya Bukavu humeta jua linapopanda. Huko ndiko Gasaro alikotaka kuolewa, asubuhi, wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, wakiwa wamekwisha kurudi na mitumbwi yao. Alipoulizwa kwa nini jabalini, alisema mwamba hauna upande wa bibi harusi wala upande wa bwana harusi. Nikahi ikifungwa, wangeteremka moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi wa mvuvi, rafiki yake Mudathiru, wakaanze maisha Nkombo, mahali ambapo hakuna aliyejua benchi la nani lilikuwa tupu. Shehe wa msikiti alikubali kuwa walii wake wa kumwozesha, kama sheria inavyomruhusu kwa asiye na jamaa. Akamwuliza kama majirani wanajua. Gasaro akasema wana shughuli nyingi.

Siri hiyo ingekaa salama kama Gasaro angekuwa amelelewa vibaya. Kichochoro kile kiliishi kwa kuazimana. Ungo wake ulikuwa wa Mukamusoni, mwuza unga. Kigoda alichokalia akishona kilikuwa cha Mzee Harelimana, seremala. Mkeka alioulalia ulikuwa wa Maman Odette, ambaye alipopata chumba chake alinunua mpya na kumletea. Gasaro hakuweza kuondoka na vitu vya watu. Kwa hiyo siku ya kuamkia harusi alivizungusha vyote kwa wenyewe. Tena hakurudisha chombo kitupu, kwa kuwa chombo kitupu ni matusi. Katika ungo aliweka chumvi. Juu ya kigoda aliweka fungu la sambaza kavu. Ndani ya mkeka aliokunja alitia sombe, majani ya muhogo, mabichi, yenye umande.

Maman Odette aliutazama mkeka, akamtazama aliyeuleta.

"Gasaro, juu ya nini unanirudishia mukeka? Miye sikuuliza mukeka."

Gasaro akasema anafagia nyumba.

"Hiyo nyumba yako iko sawa sanduku. Unafagia nini tangu asubuhi?"

Msichana akacheka, akageuka haraka kabla macho hayajamsaliti. Lakini kwa Mukamusoni mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mama huyo alikuwa bado amesimama mlangoni, ungo mkononi, akiitazama chumvi. Mtu anayetaka kupepeta kesho harudishi ungo leo. Akaufunga mlango wake, akaenda kwa Odette. Odette akaenda kwa seremala. Na jua lilipoinama, kichochoro kizima kilikuwa kimejua, na mvuvi wa Nkombo alikuwa amekwisha kubanwa na wanawake hapo gatini mpaka akatapika yote, siku, saa na mahali.

Asubuhi ilikucha bila ukungu. Juu ya genge walisimama watu wachache: shehe na shahidi kutoka msikitini, Mudathiru katika kanzu iliyopigwa pasi kupita kiasi, Mzee Ndayisaba na koti lake la sherehe, na Gasaro ndani ya gauni la kijani. Gauni hilo lilikuwa mahari yake pamoja na msahafu; bwana harusi alilishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi hakumwachia Gasaro pindo. Chini kwenye maji, mtumbwi ulingoja na cherehani imefungwa kamba katikati yake.

Shehe alifungua kinywa kuanza. Hapo ndipo kigoda kilipotokea njiani. Kilikuja kikiwa juu chini, miguu ikitazama mbingu kama pembe za mbuzi, na chini yake kikaonekana kichwa cha Mzee Harelimana. Nyuma yake alikuja Mukamusoni na ungo, Odette na mkeka begani, kisha kichochoro chote na sufuria zake, na wanaume wawili waliobeba benchi la msikiti wakihema.

Gasaro alidhani wamekuja kumsuta kwa kutaka kutoroka kama mwizi. Lakini Harelimana hakumtazama hata kidogo. Aliweka kigoda chake kumwelekea Mzee Ndayisaba, akaketi, akangoja pumzi imrudie. Mkeka ukatandikwa. Benchi likatiwa mawe chini lisiyumbe. Watu wakakaa, wakajaa, wengine wakasimama nyuma.

"Haya, Mzee Ndayisaba," akasema Harelimana. "Tumesikia una shida. Sema, tunakusikiliza."

Mzee wa Bugarama alielewa. Macho yake yaliwaka kama ya mchezaji wa bao aliyepata mwenziwe. Akanyoosha koti, akatoa salamu, na salamu ikaitikiwa na watu wengi hata ndege wakaruka kutoka majanini. Kisha akasema amekuja kuomba binti aitwaye Gasaro.

Harelimana akakuna ndevu. Akasema jina hilo halijui vizuri.

"Uliza sawasawa, Mzee," Mukamusoni akaingilia. "Gasaro yupi? Kama ni yule aliyelala chini ya kitanda changu siku zile, huyo ni wangu. Nilimfunika ungo huu huu. Sijasema namtoa."

Jirani mwingine akasema huo ni uongo, kwani ni yeye aliyempokea juu ya ukuta, na kovu la kigae analo mkononi. Mwingine akasema uji wa miezi ile ulitoka jikoni kwake. Mzaha wa posa ulikuwa mzaha bado, lakini sauti zilianza kukwaruza.

"Mungoje," akasema Odette, amesimama. "Miye nilikuja na risasi nyuma yangu. Huyu mutoto akanipa mukeka yake, yeye akalala kwa simenti. Muntu akikupatia mahali pake pa kulala, iko mutoto yako. Mzee, hata miye utaniomba."

Gasaro alisikiliza, na kila neno lilimwingia kama maji katika udongo wa kiangazi. Harelimana ndiye aliyemgeukia hatimaye. Alimweleza taratibu kwamba kila nyumba ilikuwa ikingoja. Yeye alidhani msichana atamchagua Mukamusoni, kwa kuwa ndiye aliyemlisha. Mukamusoni alidhani atamchagua seremala, kwa kuwa posa inataka ndevu. Waliona haya kunyang'anyana mtoto wa marehemu, wakanyamaza, na hakuna aliyefikiri ukimya ule una sura gani kwa aliye upande wa pili.

"Utusamehe, binti yetu," akasema.

Gasaro alisema kwa sauti ndogo kwamba aliwarudishia vyombo vyao ili asiondoke na deni.

"Ungo hurudishwa, Gasaro. Mtoto harudishwi."

Mzee Ndayisaba akaomba. Aliomba kwa seremala, akaomba kwa mwuza unga, akaomba kwa mwuza vitenge, nyumba baada ya nyumba, wakimzungusha bila huruma, mpaka alipovua koti na kujipangusa uso. Alikiri mbele ya wote kwamba alisema benchi ni tupu, na kwamba sasa yeye ndiye asiye na pa kukaa. Wakasogea wakampa nafasi.

Nikahi ilifungwa. Gasaro alipoulizwa kama ameridhika, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi mtumbwini.

Vigelegele vikapaa. Mtu akapiga beseni, Mukamusoni akamvuta bibi harusi katikati. Mwanzoni alicheza kama anayekanyaga majivu ya moto. Kisha mabega yakakumbuka kitu, labda uani kwa mama yake, na miguu ikafuata. Odette alimfunga kitenge kipya kiunoni. Mukamusoni akauweka ungo chini mbele yake, ule uliowahi kumfunika asionekane, na watu wakapita mmoja mmoja wakitia walichokuwa nacho: kanga, vijiko, sabuni, yai, sarafu. Harelimana alimrudishia kigoda. Wa mwisho alikuwa Mzee Ndayisaba, ambaye alimvika koti lake la sherehe mabegani juu ya gauni la kijani.

Mvuvi akaita kutoka chini, akiuliza kama bado wanasafiri. Mudathiru alimtazama mke wake. Akateremka, akafungua kamba, akaipandisha cherehani mgongoni hadi juu ya genge, akitweta na kucheka. Mtumbwi ukarudi Nkombo na sahani ya pilau iliyofunikwa, na Gasaro akamwagiza mvuvi asiirudishe tupu.

Mcheza kwao hutunzwa.